Breve ya Kukwea Michikichi kwa Kalamu

Kizuka, tarehe 24 Juni 1963

Bwana Burugumesta, mkuu wa komini yetu,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikikukuta umekaa, usisimame kwa ajili yangu. Naitwa Alimasi, mkwezi wa michikichi hapa Kizuka tangu wakati wa Wabelgiji. Miaka kumi na tisa nakata mikungu na kusafisha makuti makavu, na miguu yote miwili bado ninayo. Nakuandikia kuhusu amri mpya, kwamba mtu asiguse mchikichi bila breve, yaani karatasi yenye muhuri inayosema anajua kukwea. Najua nchi huru inahitaji karatasi. Lakini nina malalamiko machache, nimeyatia namba ili karani wako asiyachanganye.

1. Mtihani wa kukwea tuliufanya darasani, tumekaa. Bwana Modeste, moniteri wa kilimo, aliuliza kwa Kifaransa. Nikanyoosha mkono: "Bwana Moniteri, mchikichi ule pale dirishani, twende nikuonyeshe." Akasema, "Alimasi, kaa chini, hapa tunapima akili." Nikakaa. Nilipata tatu juu ya ishirini. Nadhani mbili zilikuwa za kukaa.

2. Aliyeshinda ni Cikuru, fundi cherehani wa sokoni. Kumi na nane! Simlaumu, ana mwandiko safi. Ila mahali pa juu kabisa alipowahi kufika ni kitandani kwake.

3. Kitabu cha Bwana Modeste kimetoka Ulaya pamoja na miti yake. Kinasema mti ukizeeka ukatwe kichwa, utachipua ubavuni. Cikuru akaenda kwa Mama Biasha, mjane jirani yangu, akaegemeza ngazi kwenye mchikichi wake mfupi, akaukata kichwa. Bwana Burugumesta, mchikichi una kichwa kimoja tu, kama wewe. Sasa umesimama uani kama nguzo ya simu, na Mama Biasha anauliza simu yenyewe italetwa lini. Alikuwa na mitatu ya kumpatia mawese ya kuuza. Imebaki miwili, na breve ya Cikuru bado mpya kabisa.

4. Kitabu hakina hata mstari juu ya sauti. Sisi, kabla hujafika nusu ya mti, unaita: "Mukwezi huyoo! Anayeoga ajifunike!" Maana ukiwa juu unaona nyua zote, na nyua zetu hazina paa. Mzee Swedi, aliyenifundisha kazi, hakuniruhusu kushika panga mwezi mzima mpaka sauti yangu ifike ziwani. Siku ile kwa Mama Biasha, Cikuru alipanda kimya, kama msomi. Upande wa pili wa ua Mama Pascasie alikuwa anaoga. Alipoinua macho akamwambia, "Wewe mwenye breve, umemaliza kusoma, au nigeuke ufungue ukurasa wa pili?"

5. Kama karatasi ndiyo inayofundisha, basi wavuvi wa Gitaza nao waitwe darasani wakaogelee kwenye mabenchi. Na wewe mwenyewe, kwa heshima zote, sijasikia ulifanya mtihani wa kuwa Burugumesta. Watu walikutazama tu, wakaona huyu ataweza. Sisi nasi tunaomba kutazamwa.

6. Nasikia michikichi minne mirefu mbele ya ofisi yako itasafishwa na Cikuru kabla ya sikukuu ya kutimiza mwaka wa Uhuru. Akifuata kitabu, utapata milingoti minne ya bendera. Sijui kama bendera zitatosha.

Kwa hiyo naomba breve ifutwe kabisa, na kila mwenye miguu na sauti aachwe apande. Ikibaki, mimi sina kazi nyingine. Nyumbani kwangu tunakula kinachoshuka kutoka juu.

Nisalimie madamu, watoto, karani, na mlinzi wa mlangoni. Hata Bwana Modeste, mwambie mgongo wangu umeshapona maumivu ya lile benchi lake.

Ni mimi raia wako, tatu juu ya ishirini,
Alimasi

P.S. Kabla sijafunga bahasha, mlinzi wako amekuja mbio kuniita. Cikuru alikuwa katikati ya mchikichi wa ofisi yako, ameukumbatia kama mama yake, juu haendi, chini harudi. Kuhusu namba 4, naondoa neno langu: sauti anayo, ilifika Kigwena. Bwana Modeste akanipigia kelele, "Alimasi, panda umshushe!" Nikamjibu, "Bwana Moniteri, mimi bila breve? Amri inakataza." Akaiandika palepale, karatasi ameibandika kwenye shina, akagonga muhuri. Nikapanda, nikamfunga Cikuru kamba yangu kiunoni, nikamshusha mzima, ila suruali yake itabidi irudi kwenye cherehani.

Nimeisoma tena barua hii nikiwa na breve mfukoni, nikaona ina makosa mengi. Tafadhali futa namba 1 hadi 6. Amri ni nzuri sana, tena mtihani wenyewe ni mwepesi mno. Na nasikitika kukujulisha kwamba kuna mtu anakwea ile michikichi miwili ya Mama Biasha bila karatasi yoyote. Anaitwa Swedi. Utamtambua kwa sauti.