Mhakiki Aliyegeuka Mlango

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku mbaya. Dada Fortunata, mkutubi wa maktaba yetu ndogo ya watoto hapa Upanga, amegawa kazi za jarida la mwezi huu. Jarida lenyewe ni karatasi nne zilizobanwa pini, lakini watoto mia mbili wanalisoma, na mimi ndiye mhakiki wake. Mmoja wa wahakiki wake. Tuko wawili.

Kesho kinatoka kitabu cha tano cha Wachunga Mawingu. Miaka miwili nimekingoja! Na Jumamosi ya wiki ijayo kikundi cha maigizo kitaonyesha kitabu cha kwanza jukwaani. Fortunata kasema uhakiki wa kitabu aandike Mwalimu Maimuna, wa igizo niandike mimi. Nikauliza kwa nini. Akasema Mwalimu aliomba kwanza, halafu huwa anaandika kwa ufupi.

Maimuna! Mwalimu mstaafu wa Magomeni, mwenye miwani ya kamba. Watoto wanampenda kupita kiasi. Mimi nina miaka hamsini na nne, nauza zipu na vifungo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na vitabu vyote vinne nimevisoma mara tatu tatu. Nani anayajua mawingu kuliko mimi?

Mpango: nitawahi kitabu, nitawahi kuandika, nitawahi kupeleka. Fortunata akishakuwa na uhakiki mzuri mkononi, atafanya nini? Atauchapa tu.

Jumanne, 5 Agosti

Saa mbili kasoro nilikuwa duka la vitabu. Maimuna alishafika. Amekalia stuli, anakunywa chai na mwenye duka kama ndugu!

Nikampa shikamoo yake. Akaitika marahaba, kisha akauliza nimefuata nini mapema hivi. Nikasema kalenda. Kalenda, mwezi wa nane! Mwenye duka akanitafutia moja, imebaki miezi minne. Nikaichukua. Nikatoka. Nikazunguka jengo mara mbili nikisubiri aondoke, kisha nikarudi na jasho langu. Yupo pale pale. Akasogeza stuli ya pili, akasema, "Kaa, Manan. Kitabu chako nimekushikia hapa. Na chai bado ya moto."

Sikukaa. (Nilikaa kidogo. Chai ilikuwa na tangawizi.)

Mchana nimesomea dukani, kitabu nimekificha ndani ya katalogi ya zipu. Mteja kaomba zipu ya gauni la harusi, nikampa vifungo vya koti. Sura ya kumi na moja! Mzee Kijivu, lile wingu kongwe ambalo Tumu amelichunga tangu kitabu cha kwanza, linaamua kunyesha lote, mpaka tone la mwisho, ili kijiji kipone. Tumu anabaki ameshika kamba tupu. Nililia. Fundi cherehani wa duka la pili akaja mbio kuuliza kama kuna msiba. Nikasema upo. Akauliza nani katutoka. Nikasema wingu.

Akarudi kwake taratibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepeleka uhakiki. Kurasa tisa, pamoja na ramani. Fortunata akaushika kwa ncha za vidole, akaniuliza kama nakumbuka kikomo ni nusu ukurasa. Nikasema ubora hauna kikomo. Akasema karatasi inacho.

Kumbe Maimuna alishapeleka wake jana! Fortunata akanipa niusome. Umeanza hivi: "Nilipofika sura ya kumi na moja niliacha vitumbua jikoni. Vikaungua vyote. Sijuti."

Basi. Mwanzo mzima ndio huo. Nimeusoma mara tatu nikitafuta kosa. Kuna koma moja ningeiweka mbele kidogo.

Sina wivu. Ninachosema ni kwamba mimi pia nina jiko.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Duka limefungwa, sikukuu. Nikapata wazo zito: nitazame mazoezi ya igizo kwa siri, nijue kila kitu kabla ya Maimuna. Nikaenda ukumbini kwa mguu.

Mwongozaji anaitwa Kasmir. Mwembamba, ana filimbi shingoni. Kuniona tu akapiga kelele, "Afadhali umefika!" Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya pazia, akanivisha ubao. Kumbe mtu wa kuigiza Mlango wa Ngome ya Ukungu kasafiri kwenda Mwanza, na waliahidiwa mwingine leo.

Mtu muungwana angesema: ndugu, umenifananisha. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Likatoka, "Nani anabisha?" Ndilo neno la kwanza la Mlango. Nalijua toka kitabuni, jamani, lingetoka tu!

Kasmir akasema sauti yangu ina bawaba ndani yake. Hakuna aliyewahi kunisifia sauti.

Nina maneno mawili. "Nani anabisha?" na "Pita, ila futa miguu." Tumu anaigizwa na Nirali, binti wa miaka kumi na miwili wa ghorofa ya tatu kwetu. Alinitambua, akaniamkia, akauliza kama mhakiki anaruhusiwa kuigiza. Nikamwambia mhakiki lazima auchungulie mchezo kutoka ndani. Akasema sawa, Anko, kwa sauti ya kumhurumia mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi nyumbani. Nimesimama kwenye mlango wa jikoni asubuhi nzima. Janki, mke wangu, kapita na sahani mara sita, na kila mara nimemwambia afute miguu. Mara ya saba kakataa kupita, na chakula kimebaki upande ule.

Baadaye akauliza swali la kichokozi: kama mimi ndiye Mlango, uhakiki wa igizo ataandika nani? Nikasema mimi. Akauliza, na kuhusu Mlango nitasema nini? Nikasema nitasema ukweli. Akaniangalia. Ndoa ya miaka ishirini na nane, mtu akikuangalia hivyo huna pa kwenda.

Nikamwuliza yeye anaonaje uigizaji wangu. Akasema nina mwili wa kutosha kuziba njia.

Jumatano, 13 Agosti

Fortunata ameamua kuchapa jarida Ijumaa, ili watoto waligawiwe Jumamosi wakitoka kwenye igizo. Ukurasa wangu ungebaki mtupu, na uhakiki ungengoja mwezi wa tisa. Mwezi mzima watoto wasome Maimuna peke yake! Haiwezekani.

Nikamwambia Fortunata kwamba wahakiki tumeonyeshwa igizo mapema, faraghani, jana. Sijui "tumeonyeshwa" ilitoka wapi, hakuna aliyeonyeshwa kitu. Akafurahi. Akasema kumbe naweza kuwahi kitu.

Nikakaa nikaandika. Nusu ukurasa kamili! Nimewasifu wote kwa haki. Nirali mstari mmoja, taa mstari mmoja, Kasmir mstari mmoja. Kisha: "Lakini aliyeuteka ukumbi ni Mlango. Alisimama wima, hakutikisika hata mara moja. Aliposema 'Futa miguu', watoto walisimama wakashangilia, na mama mmoja alifuta machozi."

Yule mama nilisita kidogo. Nikamwacha. Ukumbi wa watu mia na hamsini haukosi mama mmoja mwenye mafua.

Jumamosi, 16 Agosti

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Majarida yaligawiwa mlangoni. Wakati wa KUINGIA! Aliyekuwa akigawa hakuambiwa asubiri. Nilichungulia pazia nikaona vichwa vya watoto vimeinama, vinasoma. Nikataka kukimbia, lakini mtu aliyevaa ubao wa futi saba hakimbii.

Zamu yangu ikafika. Nikasogea kati, uso wangu kwenye tundu la ubao. Nirali akabisha. Nikasema, "Nani anabisha?" Vizuri kabisa! Akajieleza. Nikasema, "Pita, ila futa miguu." Akafuta. Hapo natakiwa nigeuke kama mlango unaofunguka.

Sikugeuka. Bawaba ilikuwa imenasa kwenye pazia. Nikavuta. Wapi! Nirali akanong'ona, "Anko, funguka." Nikanong'ona kwamba najitahidi. Kisha mtoto mmoja safu ya pili akasoma kwa sauti, kidole kwenye karatasi: "Mlango alisimama wima, hakutikisika hata mara moja."

Mwenzake akasema, "Ni kweli, hatikisiki!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nirali peke yake hakucheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Miezi mitatu kafanya mazoezi yule mtoto, na mimi nimemzibia njia! Nilisahau uhakiki. Nilitaka tu apite.

Maimuna akasimama safu ya mbele. Akapaza sauti ile ya darasani, "Jamani, Tumu yuko peke yake? Tumsaidieni kubisha!" Akaanza kugonga kiti. Watoto wote wakagonga viti, sakafu, migongo ya wenzao. Katika kelele ile Kasmir akatambaa nyuma yangu na mkasi, akakata pazia, nami nikafunguka. Nilifunguka mpaka chini, kifudifudi, puu! Nirali akapita juu ya mgongo wangu, mikono hewani, na watu wakashangilia kama kwenye mpira.

Igizo likaisha salama. Mimi sikuisha salama. Nilipotoka nyuma, watoto walinizunguka, na Fortunata kashika jarida. Akauliza taratibu kama niliandika kabla ya kutazama. Ningeweza kusema kitu. Vitu vitatu vilikuja kichwani, kimoja kizuri sana. Lakini Nirali alikuwa pale.

Nikasema ndiyo. Na onyesho la faragha halikuwepo.

Kisha yule mtoto wa safu ya pili akauliza, bila ubaya wowote, "Kwa hiyo hata vile vitabu hukuwa unasoma?"

Niliumia kuliko nilivyoanguka. Nikamwambia aulize. Chochote, kitabu chochote. Wakauliza! Jina la mbwa wa mlinzi wa ukungu. Kamba ya Tumu ina mafundo mangapi. Nani aliiba radi. Mmoja akajaribu kunitega akasema Mzee Kijivu alizaliwa mlimani, nikamwambia hapana, ziwani, kitabu cha pili, na alilia siku tatu ndiyo maana kule kuna mpunga. Nilipofika sura ya kumi na moja sauti ikakwama. Msichana mmoja akanishika mkono wa shati. Tukanyamaza wote kidogo kwa ajili ya wingu.

Maimuna akasema, "Huyu anasoma, wanangu. Matatizo yake huanza akimaliza kusoma."

Kisha akanitoa vumbi mgongoni kwa kanga yake, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko vumbi lilivyohitaji.

Jumatatu, 18 Agosti

Hukumu. Nimesimamishwa toleo moja. Niandike maneno ya kuomba radhi, nusu ukurasa. Igizo atalihakiki Maimuna.

Nilimwomba Nirali radhi kwenye ngazi. Akasema wenzake shuleni wanataka arudie ile ya kupita juu yangu. Akaniuliza kama ubavu bado unauma. Nikasema kidogo. Akasema, "Pole, Mlango." Mlango! Janki alisikia, akaingia ndani upesi, nikamsikia anacheka na mto mdomoni.

Jioni Maimuna akapita dukani kununua vifungo vinne, ambavyo nina hakika havihitaji. Akanionyesha uhakiki wake, eti nisije nikasikia kwa watu. Kuhusu mimi kaandika: "Mlango ulikuwa mbovu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Naomba wasitafute mwingine."

Nimeusoma mara nne. Koma zote ziko mahali pake.

Nikamkaribisha kiti. Tukabishana kuhusu kitabu cha tatu mpaka wenzangu wa pande zote mbili wakafunga maduka. Hajui lolote kuhusu kitabu cha tatu. Nimemwambia aje tena kesho.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeandika barua ya radhi. Kurasa saba. Fortunata kairudisha. Nikaandika nusu ukurasa, wa kweli, na mkono uliuma kwa jinsi ulivyokuwa mfupi. Nimekiri kila kitu. Nimeahidi sitahakiki tena kitu ambacho hakijaonekana. Ninajisikia mwepesi, msafi, mtu mpya kabisa.

Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa bado ina joto, nimemwandikia mwandishi wa Wachunga Mawingu. Nimemweleza kwa heshima kwamba kitabu cha sita, ambacho nasikia hajakianza, kinahitaji mlango mwenye maneno mengi zaidi. Ili asihangaike kutafuta mhakiki, nimeambatanisha na uhakiki wa kitabu hicho. Nimeacha nafasi ya jina la kitabu tu.

Nimekisifu kwa kiasi. Sura ya tisa, nimemwambia wazi, inachosha kidogo.