Bastola Rasmi ya Dubu

Ijulikane kwa wakazi wote wa Ghuba ya Tolvik, pamoja na dubu wote wanaohusika, kwamba Idara ya Mito na Njia za Porini imeunda Kamati ya Uteuzi wa Bastola Moja Rasmi ya Kujihami Dhidi ya Dubu. Hadi kamati itakapokamilisha jukumu lake, ni marufuku kwa mtumishi yeyote kubeba bastola yake binafsi akiwa kazini porini.

Tangazo hilo lilichapwa na Ardith Nygaard, katibu wa kamati, akalibandika mwenyewe kwenye mlango wa posta huku moyo umemjaa fahari. Alaska nzima watu walikuwa wakibishana juu ya bastola ya dubu tangu enzi za babu zao, baa kwa baa, boti kwa boti, wengine mpaka kunyimana salamu. Sasa serikali ilikuwa imeamua kulimaliza jambo hilo kwa vikao. Ardith aliamini vikao kama wengine wanavyoamini sala.

Mumewe, Nels, hakuwa na imani hiyo. Nels alikuwa mhesabu samaki wa idara. Kila kiangazi alikaa peke yake kwenye Kijito cha Birika, juu ya mnara wa mbao, akihesabu samoni wanaopanda kutoka baharini. Samoni wakipanda, dubu wanashuka kuwala, na hakuna dubu anayeuliza mwenye kijito ni nani. Mwaka uliopita dubu jike mwenye watoto alimjia mbio, Nels akapiga risasi ardhini mbele yake, mama wa watu akageuza njia. Bastola yenyewe ilikuwa nyeusi, ya magazini, imechubuka kila mahali, na Nels aliivaa kifuani juu ya suruali yake ya mpira ya kuingilia majini, inayopanda hadi kifuani. Aliizoea kama kijiko chake. Sasa ilikuwa imefungiwa kabatini, kwa amri iliyochapwa na mkewe.

"Mmeshachagua?" aliuliza kila jioni akivua buti.

"Tuko kwenye hatua nzuri," Ardith alijibu.

"Na dubu ameshaarifiwa kuhusu hiyo hatua?"

Hatua kweli zilikuwa nzuri. Mkurugenzi Thurman Gossett, mwenyekiti wa kamati, alitaka bastola ya silinda iliyo kubwa kuliko zote dukani, nzito kama sufuria ya chuma, kwa hoja kwamba idara yenye hadhi haiwezi kubeba kitu kidogo. Aliijaribu mara moja nyuma ya ghala, ikamrukia usoni, na kwa majuma kadhaa alitembea na bandeji kwenye paji la uso, akiiita ushahidi wa ubora. Mhasibu, Bwana Pomeroy, alipendekeza inunuliwe bastola moja tu izunguke kambi zote kwa zamu, mradi dubu nao wapangiwe ratiba. Mwanasheria, Bi Lucinda Farrow, alitaka kwanza ijulikane kama dubu anapaswa kuonywa kwa mdomo kabla ya kupigwa, na aonywe kwa lugha gani. Ardith aliyaandika yote kwa mwandiko safi, wala hakuona cha kuchekesha.

Akaitwa shahidi mtaalamu, Mzee Halvorsen, muuza mafuta ya boti, aliyeishi na dubu muda mrefu kuliko alivyoishi na wake zake wote watatu ukiwajumlisha. Mzee alisema bastola yoyote inafaa, ila kabla ya yote mtu achukue tupa akwangue kile kinundu cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, kiwe laini kabisa. Alipofungua mdomo kueleza kwa nini, mwenyekiti alimshukuru, kwa kuwa muda wa shahidi ulikuwa umekwisha. Azimio likapita siku hiyohiyo kwamba bastola rasmi, itakapoteuliwa, lazima ipigwe tupa.

Jioni Ardith alimuuliza mumewe sababu ya jambo hilo. Nels alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Mke wangu, huo ni utani wa zamani. Unakwangua ili dubu akikunyang'anya bastola akakuchomeka nayo huko nyuma, isikuumize sana."

Ardith akaifikiria heshima ya ofisi. Kesho yake, kwenye nafasi ya kuandikia sababu za azimio, aliandika: za kiafya.

Theluji ikayeyuka, mito ikajaa, na siku ya Nels kwenda kijitoni ikabisha hodi bastola ikiwa bado iko kwenye mchakato. Idara ilimpa filimbi. Ardith alipoiona ile filimbi juu ya meza, imani yake yote ilimwishia. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Hakutaka kuwa mjane wa kamati aliyoiandikia muhtasari mwenyewe. Akaenda kwa mkurugenzi kuomba Nels aruhusiwe kubeba bastola yake kwa muda tu, mpaka ile rasmi ipatikane.

Gossett alimtazama kwa huruma kubwa. "Ardith, dada yangu, tukimruhusu mumeo abebe bastola anayoijua, kesho kila mtu atataka kubeba anayoijua. Hiyo itakuwa idara gani?"

"Idara yenye watu hai, mzee."

"Hilo lilete kwenye mengineyo," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Basi Nels akaenda na filimbi. Kwa hela yake mwenyewe alinunua pia kopo la pilipili ya kupuliza, kwa kuwa marufuku ilitaja bastola, haikutaja viungo. Nyumbani Ardith akawa analala upande mmoja wa kitanda, akiamka kila mbwa wa jirani anapobweka.

Samoni walipoanza kupanda, kamati iliona haja ya ziara ya kujionea. Ndege ya kutua majini ikawashusha wajumbe wote, katibu akiwamo, kwenye Kijito cha Birika asubuhi, rubani akaahidi kuwarudia mchana. Hakuna aliyekuwa na silaha, maana mkurugenzi alisisitiza viongozi waoneshe mfano. Yeye alibeba mfuko wa samoni waliokaushwa kwa moshi, chakula cha kamati, na hakumwachia mtu, kwa sababu kwenye ndege Pomeroy alikuwa ameonja kabla ya wakati.

Nels aliwapandisha juu ya mnara waone samaki. Gossett alisema watangulie, yeye anapitia chooni, akaingia na mfuko wake. Choo chenyewe Nels alikijenga kwa magogo baada ya kile cha mbao kugeuzwa kuni na dubu, na safari hii alikuwa amejenga ngome.

Hata hawajamaliza ngazi, dubu dume alitoka vichakani. Alinusa hewa, akakiacha kijito kizima cha samaki wabichi, akaelekea chooni moja kwa moja. Samaki wa moshi haringiwi. Dubu akaegemea mlango kwa bega, magogo yakalia.

"Nels!" sauti ya mkurugenzi ilitoka ndani, nyembamba kuliko ilivyozoeleka ofisini. "Mpige!"

"Kwa bastola ipi, mzee?" Nels aliuliza. Hakuwa anamdhihaki, alitaka kujua kweli.

Kisha akapeleka mkono kiunoni kwenye kopo la pilipili. Ardith akaushika ule mkono. Mlango ule, Nels mwenyewe alishawahi kumwambia, dubu anaweza kuusukuma mpaka Krismasi usifunguke. Moyo ulimwenda mbio Ardith, lakini haukumwendea mbio Gossett. Akakohoa kidogo, kama afanyavyo katibu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wote wapo na akidi imetimia. Tuanze na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita?"

"Umerukwa na akili wewe? Kuna dubu hapa!"

"Dubu tutamfikia, mzee. Yuko kwenye mengineyo."

Muhtasari ukasomwa, taratibu, hadi nukta ya mwisho. Ukathibitishwa. Yatokanayo hayakuwapo. Pomeroy, ambaye hajawahi kukubali kitu bila kuona stakabadhi, alikuwa anakubali kila kitu kwa kichwa, huku amekumbatia nguzo ya mnara. Kwenye mengineyo katibu alikuwa na hoja moja tu: kila mtumishi aendaye porini abebe bastola yake mwenyewe, ile aliyoizoea, bila kupigwa tupa. Bi Farrow aliunga mkono bila kuuliza kifungu, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Mwenyekiti anasemaje?" Ardith aliuliza.

"Nakubali! Nakubali yote!"

"Kwa kauli moja?"

"Kwa kauli yoyote unayoitaka, Ardith!"

Dubu hakuwasilisha pingamizi.

Ndipo Ardith alipouachia mkono wa mumewe. Nels aliteremka, akazunguka akasimama upande unakotoka upepo, akapuliza. Wingu jekundu lilimpata dubu usoni, akakoroma, akavuka kijito akipiga chafya hadi akatokomea. Pilipili iliyobaki ilipita kwenye tundu la dirisha ikaingia chooni. Mkurugenzi alitoka akilia kama mfiwa, mfuko wa samaki umo kifuani, haujaguswa.

Mchana, ndani ya ndege, Gossett alikuwa amepata nafuu ya kutosha kuwa mkurugenzi tena. Akiwa na macho mekundu kama nyanya, alitamka kwamba azimio lile ni batili, kwa sababu mwenyekiti hakuwamo kikaoni. Ardith alisema hakuna shida. Angeandika kwamba azimio limefutwa kwa kuwa wakati linapitishwa mwenyekiti alikuwa chooni, kazingirwa na dubu, na muhtasari ungebandikwa kwenye mlango wa posta kama kawaida. Rubani, aliyekuwa akinusa pilipili tangu waliporuka, aligeuza shingo kusikiliza vizuri.

Gossett aliiona shingo ile. Akauliza kwa sauti ya chini kama hakuna namna nyingine ya kuliandika, yenye heshima na isiyo na uongo. Ardith akasema ipo. Akaandika palepale juu ya goti. Mkurugenzi akasoma, akapumua, akatia saini, na azimio likawa sheria.

Ndege iliyofuata kwenda Kijito cha Birika ilimbeba Ardith, kaipakata ile bastola nyeusi iliyochubuka. Alimvalisha Nels kifuani mwenyewe, akakaza mikanda, akalia kidogo bila kujificha. Nels alimwacha alie, halafu akamuuliza imekuwaje bosi akatia saini, na kwa nini rubani anasema mlangoni pa posta siku hizi kuna msongamano wa watu wanaosoma wakishika mbavu.

Ardith akapangusa macho, akamkariria muhtasari kama ulivyo:

"Kikao kiliongozwa na Mwenyekiti tangu mwanzo hadi mwisho, bila hata mara moja kunyanyuka kitini."