Kapeti za Ukutani

Biashara ilimkuta Sampuli kwenye benchi, anakula karanga, hana habari. Alikuwa pale wanapooshea magari, ambako gari likifika linatolewa kapeti kwanza, zinapigwa sabuni na brashi, kisha zinatundikwa ukutani zichuruzike maji. Ulikuwa msimu wa mvua na ukuta ulijaa kapeti za mpira, nyeusi, za kijivu, kubwa kwa ndogo, utadhani duka. Akapita bwana mmoja mwenye tai, gari lake jipya kabisa, akashusha kioo.

"Samahani kaka, hizo kapeti bei gani?"

Mtu mwingine angesema si za kuuza, ndugu yangu, zinakaushwa. Lakini Sampuli ana mdomo ambao haumsubiri mwenyewe. Ulishataja bei kabla karanga hazijamezwa.

"Ila hizo ni sampuli tu, bosi," ukaendelea. "Mzigo uko stoo. Acha kianzio, Ijumaa uje uchukue seti yako."

Ndivyo alivyopata jina lake. Ameshauza sampuli za vigae, sampuli za mapazia, na mwaka juzi sampuli ya kiwanja. Mzigo wenyewe haujawahi kufika, na yeye siku ya Ijumaa hapatikani. Nisimsingizie lakini, kapeti ya mtu hajawahi kuondoka nayo. Zikikauka zinarudi kwenye magari yao, yeye anabaki na vianzio. Mwenyewe anasema hiyo ni kazi safi, haina lawama.

Ilipofika Alhamisi alikuwa bingwa. Alimwaga chai juu ya kapeti mbele ya mteja, akaikanyaga na kiatu cha matope, akaipangusa kwa kitambaa, ikang'aa. "Jua, mvua, vumbi, matope, hizi hazichagui," alisema. Waosha magari walimwona anapigapiga domo, wakadhani anawachangamshia wateja wao. Mkubwa wao, mtu wa maneno machache na buti ndefu, hata chai alimpa.

Asubuhi hiyo simu ililia. Dada yake.

"Kaka, gari langu liko wapi?"

"Lipo dada, salama salimini, hapa wanapooshea magari."

"Uliliomba siku moja. Leo wiki ya tatu. Sare za shule nimezimaliza, mia mbili, mwalimu mkuu anazitaka leo saa kumi. Zisipofika kazi anampa fundi mwingine. Nizibebe kichwani?"

"Saa tisa liko mlangoni kwako. Tena limeoshwa."

"Wiki iliyopita ulisema hivyohivyo."

"Wiki iliyopita sikuapa. Leo naapa."

Na ukweli ni kwamba safari hii alikuwa na nia. Dada yake ni fundi cherehani, na kile kigari cha buluu alikinunua kwa miaka sita ya kukanyaga cherehani mpaka goti likaota maumivu. Sampuli anampenda dada yake. Shida ni kwamba muuzaji akisimama anaongea lazima awe na gari la kuegemea. Basi akalipeleka likaoshwe, akawaachia waoshaji, naye akaenda zake ukutani kutafuta riziki ya mwisho mwisho.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja mtu mzima, kutoka upande wa foleni ya magari. Mwavuli mkononi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, viatu vya mpira miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi unauza?"

"Mimi nauza raha, mama. Kapeti ni kisingizio."

Mama akavaa miwani. Akaupita ukuta mzima taratibu, hii akaikunja, hii akainusa. Mbele ya seti moja ya kijivu akasimama. Akaitazama muda mrefu, kisha akamtazama Sampuli muda mrefu zaidi.

"Na hizi?"

"Aa, mama una jicho. Hizo ni za hali zote za hewa. Mpaka theluji."

"Theluji umeiona wapi?"

"Mimi sijaiona. Kapeti imeiona."

Mama hakucheka. "Kingo zimeinuka," akasema, anapitisha kidole. "Maji ya viatu hayatoki nje. Mifereji ina kina. Harufu haina. Na hii ya dereva ina tundu la kufungia, isije ikateleza ikaingia chini ya breki. Tundu hili ni la kazi gani, ulikuwa unajua?"

"La kutundikia, mama."

"Haya," akasema mama.

Sampuli akafika kwenye somo la kianzio, lakini mama akainua mkono. "Kapeti haichaguliwi ukutani, mwanangu. Inachaguliwa chini ya mguu. Gari langu lile pale." Akaonyesha gari kubwa jeupe lililokuwa limefutwa sasa hivi, linameremeta mbele ya foleni. Sampuli akameza mate. Mama akazibeba kapeti hadi mlangoni mwake, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Ndogo. Hizi ni za gari dogo. Kama lile la buluu. La nani lile?"

Hapa, ndugu msomaji, palikuwa na jibu la maneno mawili lisilo na gharama yoyote. Sampuli akatanguliza kifua.

"Langu."

"Hongera. Basi tuzijaribu humo."

Zikaingia. Si kuingia tu, zilikaa kona kwa kona, na kile kifungo cha sakafuni kikalia "tak" kwenye tundu lake. Sampuli mwenyewe alishangaa, akaona leo nyota yake imewaka. Hana kosa sana, maana wiki tatu alizoliendesha lile gari hakuwahi kutazama chini. Watu wa aina yake hutazama mbele.

"Nimezipenda," mama akasema. "Nataka seti kama hii kwa gari langu, na nyingine mbili za wanangu. Lakini sinunui kabla sijakanyaga breki. Nizunguke mara moja nirudi. Langu nakuachia, ufunguo umo ndani."

Sampuli akatazama kigari cha buluu, akatazama lile jeupe. Akili ikaanza kukimbia. Saa nzima na gari kama lile, mtu si anaweza kuuza hata sampuli za magari?

"Ila mizani haikai," mama akaongeza. "Mimi naacha kubwa, napewa dogo, na wewe sikujui. Nipe kitu cha kunituliza moyo."

Maskini, anaogopa kuibiwa, Sampuli akawaza, na huruma ikamshika. Akatoa mfukoni vianzio vyote vya tangu Jumatatu, akamkabidhi, na gari juu yake. Mama akasogeza kiti, akarekebisha vioo vyote vitatu, akafunga mkanda, akawasha indiketa, akaondoka taratibu bila kurusha hata tone la dimbwi.

Sampuli akajitupa kwenye gari jeupe. Akalaza kiti, akafungulia muziki, akafumba macho. Mvua ikaanza. Ikapita nusu saa, ikapita nyingine, kisha mlango ukafunguliwa na bwana mnene aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa, kitambaa cha kinyozi bado kiko shingoni.

"Humu unafanya nini?"

"Taratibu mzee. Gari nimeachiwa na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mama mmoja. Ufunguo kaniachia ndani."

Mkubwa wa waosha magari alikuwa ameshasogea. "Funguo zote zimo ndani," akasema. "Bila hivyo tutayasogezaje?"

Siku nne Sampuli alikaa pale akiyaona magari yakisogezwa. Siku nne.

"Kaondoka na gari langu," akasema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Alikuwa anajaribu kapeti."

"Kapeti zipi?"

"Za pale ukutani. Ninazouza."

Mkubwa wa waosha magari akautazama ukuta, akamtazama Sampuli, akautazama tena ukuta. Kisha akaokota mpira wa maji. Sampuli aliondoka pale akiwa ameoshwa mbele na nyuma, bila malipo.

Alitembea kwenye mvua mpaka kwa dada yake. Njiani alijaribu uongo mmoja baada ya mwingine. Majambazi sita. Hapana, watatu. Breki zimekatika. Kila akipata mzuri anaziona zile sare mia mbili zimekunjwa zinasubiri, na uongo anautupa. Alipofika ilikuwa saa kumi na moja. Akasimama mlangoni kichwa chini, maji yanamtiririka, akaanza kusema yote: ukuta, vianzio, mama mwenye miwani, na lile neno "langu".

"Nimekupotezea gari, dada. Si jambazi, si ajali. Ni mimi."

Dada yake alisikiliza mpaka mwisho. "Geuka," akasema.

Ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la bati, kilikuwepo kigari cha buluu. Mama wa miwani alikuwa ameinama kwenye mlango wa dereva, anafuta kapeti ya kijivu.

"Huyo ni mama mkwe wangu, kafika jana usiku," akasema dada. "Ungewahi harusini ungemjua, lakini ulifika viti vinakusanywa. Sare zimefika shuleni saa kumi kasorobo. Kazipeleka yeye."

"Miaka thelathini niliendesha gari la wagonjwa," mama akasema bila kuinuka. "Kapeti hizi nilimtumia mimi mkwe wangu. Nilizunguka maduka kutwa nzima kuzichagua. Nilikuja pale kuchukua gari tu, nikakuta zimetundikwa, unaniuzia."

"Sikujua ni zake, mama."

"Hilo naliamini. Nilikuuliza gari ni la nani. Ungesema la dada, ningekupa lifti."

Neno hilo lilimuuma Sampuli kuliko mvua. Mama akatoa lile fungu la vianzio, limefungwa kwa mpira wa nywele. "Kesho asubuhi pesa hizi tunazirudisha. Mlango kwa mlango."

Basi kwa mara ya kwanza maishani Sampuli alipatikana siku ya Ijumaa. Alikuja kwa miguu kwenye matope, akafungua mlango wa mbele wa kigari, akainua mguu.

"Viatu," mama akasema.

"Lakini mama, hizi si za hali zote za hewa? Matope zinavumilia."

"Zinavumilia. Mimi ndiye sivumilii."

Akakaa nyuma, pekupeku, viatu mapajani. Wa kwanza alikuwa bwana wa tai. Alipokea pesa yake, akashangaa kidogo, akainama dirishani. Macho yakatua kwenye kapeti za kijivu.

"Hizi nzuri kuliko za ukutani. Mnauza bei gani?"

Mdomo wa Sampuli ukafunguka. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma akayaona macho ya mama, yametulia, yanamngoja.

Mdomo ukasubiri. Kisha akaufunga.