Jiko Nililomtengenezea Mama Mkwe

Leo nimejivua nguo mbele ya mama mkwe. (Si kihalisi. Tulieni.) Nawaandikia nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, hapa hapa mtaani kwetu West Indies, kwa sababu ndani sina uso wa kuingia nao. Ploti nzima inacheka. Mke wangu anacheka tangu saa saba na bado hajachoka. Heri mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa majirani.

Mnaonijua mnajua kwamba siku hizi nimeshikwa na ugonjwa wa kutengeneza majiko. Majiko ya kuni, ya kubeba kwa mkono, ya mikebe iliyotupwa. Gesi imepanda, makaa yamepanda, nami nikaona video moja kwa simu nikajiita fundi. Unatafuta debe la rangi. Ndani yake unasimamisha mkebe mdogo, moto utawaka humo. Nafasi inayobaki katikati unajaza majivu ili joto lisitoroke. Chini unakata mlango wa kuingizia vijiti. Kwisha. Jiko langu la kwanza lilianguka upande. La pili lilichemsha chai, halafu likaanguka upande. (Chai ilikuwa tamu kabla ya kumwagika.)

Hili la tatu lilikuwa zawadi ya mama mkwe. Mama mkwe hanichukii, ila hajawahi kuniona mtu wa maana. Mimi ni karani. Kwao Turbo mwanaume ni yule mwenye kitu alichokiunda kwa mikono yake, hata kama ni kibanda cha kuku. Tangu nimwoe binti yake, jina langu ni "huyo". Huyo amekula? Huyo ametoka kazini? Na sisi ni Wabukusu tunaoshika mila, kanisa tunaenda na mila tunashika. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawaongei ana kwa ana. Kila neno hupitia kwa mke wangu.

Kwa hivyo nilikuwa na ombi moja tu leo. Mama aje atusalimie, aondoke na jiko langu, na aniite jina lingine. Hata "baba Neema", kwa jina la mtoto wetu, lingenitosha kabisa.

Kilichokosekana ni mkebe wa ndani. Unaofaa ni ule wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili. Tunao. Uko jikoni, umejaa mafuta. Jana nilimwomba mke wangu ayahamishe.

"Nihamishie wapi?"

"Kwa sufuria."

"Na nipikie wapi, kwa kofia yako?"

Nikaachana na hiyo maneno.

Asubuhi mama mkwe akafika na gunia la maharagwe, akapokelewa jikoni. Mimi kwa heshima nikazunguka nyuma ya nyumba na debe langu, majivu yangu na makasi ya kukata mabati. Nikipita karibu na mlango wa jikoni kwenda kuchukua nyundo, nikaona kitu. Kando ya pipa la taka kulikuwa na mkebe. Mtupu. Mkuukuu. Rangi yote imeisha, na ukubwa ni ule ule niliokuwa nautafuta.

Ningeuliza. Naapa ningeuliza. Lakini kuuliza ni kuingia jikoni, na jikoni alikuwa mama mkwe. Heshima ikanizuia, na heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nikauchukua, nikaukata mlango. Bati lilikuwa gumu, la zamani, si haya ya siku hizi yanayopinda ukiyaangalia. Kwenye mdomo kulikuwa na alama tatu za msumari. Nikajiambia, bila shaka kuna fundi mwingine alijaribu kuugeuza jiko akashindwa. (Nikamhurumia hata.) Nikausimamisha ndani ya debe, nikashindilia majivu, nikawasha vijiti na magunzi mawili ya mahindi.

Jamani, liliwaka. Hakuna moshi. Moto ulisimama wima na ukawa unanguruma. Jirani yetu Mama Chebet akatoka kuangalia, wengine wakamfuata. Mke wangu akaleta sufuria ya kuku akaiweka juu, ikaanza kuchemka kabla hajarudi jikoni. Na nyuma yake akatoka mama mkwe mwenyewe, akasimama mbali kidogo, uso ameugeuza kando kama inavyotakiwa.

"Muulize huyo kama ni yeye ametengeneza," akamwambia mke wangu.

"Ni yeye, mama."

"Mwambie linawaka vizuri."

Mnajua nilivyojisikia? Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Uasin Gishu. Ningenyamaza hapo, leo ningelala shujaa. Lakini mdomo wangu haujui breki.

"Mwambie mama hiyo ni takataka tu," nikasema, kifua mbele. "Nimeokota mkebe wa bure, kitu haina maana, nikaipatia maana."

(Hiyo sentensi ishikeni. Mimi nitazikwa nayo.)

Hapo Mama Chebet akaomba auziwe maharagwe. Mama mkwe akamtuma mke wangu, "Niletee gorogoro yangu, niliiacha pale mlangoni."

Kwa ninyi mlio mbali, gorogoro ni mkebe wa kupimia mahindi na maharagwe sokoni. Na ya mama mkwe si gorogoro tu. Nimeisikia tangu siku za uchumba. Wauzaji wengine hugonga mkebe chini, kitako kinaingia ndani, mteja anabeba kidogo akidhani amebeba kingi. Ya mama mkwe haijawahi kugongwa. Aliachiwa na mama yake, na sokoni Turbo watu hupita meza za wengine wakienda kwake kwa sababu ya huo mkebe. Akisafiri husafiri nao, wasije wenzake wakaugonga. Nimeisikia sifa yake kwa miaka. Kuiona, sijawahi, maana mezani pa mama mkwe mimi hupita mbali.

Gorogoro haikuonekana mlangoni. Haikuonekana jikoni. Tukaanza kutafuta, na aliyetafuta kwa bidii kuliko wote ni nani? Mimi. Niliinama chini ya kitanda. Nilipindua pipa la taka. Nilimshuku mpaka mbwa wa Mama Chebet. Mama mkwe akakaa chini, akashika shavu.

"Hiyo ilikuwa ya mama," akasema polepole. "Sina kitu kingine chake."

Nilimwonea huruma kwa dhati, roho iliniuma. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Mwambie mama asijali. Mwenye ameiba hiyo gorogoro, Mungu atamwonyesha."

Na Mungu hakukawia. Mke wangu aliteremsha sufuria ili ageuze kuku. Mdomo wa ule mkebe ukabaki wazi, umeanza kuwa mwekundu, na alama tatu za msumari zikaonekana kwa kila mwenye macho. Mama mkwe akasimama. Akasogea. Akainama. Jiko likaendelea kunguruma.

Kisha akainua uso akaniangalia mimi, moja kwa moja, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Wekesa. Hiyo si gorogoro yangu inawaka?"

Nikakimbilia mila inifiche. Nikamgeukia mke wangu, "Mwambie mama kwamba…"

"Mimi siambii mtu kitu," akasema. "Umeulizwa wewe."

Nikaamua kuonyesha vitendo. Nikaushika ule mkebe niuchomoe. Kwa mkono mtupu. (Ndiyo, nimesoma mpaka chuo.) Niliruka, nikalipiga debe teke, likapinduka, na majivu yote yakapanda juu yakanishukia mimi. Nikabaki nimesimama mweupe kuanzia nywele hadi viatu.

Mama Chebet akaniangalia vizuri. "Kwani huyu anarudishwa kutahiriwa?" (Kwetu kijana anayepelekwa kutahiriwa hupakwa udongo mwili mzima.)

Watu wakaanguka. Mama mkwe akaziba mdomo kwa leso, akajaribu kukohoa, akashindwa. Alicheka hadi akashikilia ukuta. Mimi nilikuwa nimeloweka vidole kwenye ndoo ya maji, nikacheka pia, maana kulia ningeongeza aibu.

Mke wangu ndiye aliyeniokoa, ila kwa adhabu. Aliingia jikoni akahamisha mafuta yote ya ule mkebe wetu wa kilo mbili. Sasa hivi tuna mafuta kwa sufuria, kwa vikombe na kwa chupa ya chai ya Neema ya shule. Akaosha mkebe, akampa mama yake. Mama mkwe akaupima kwa maharagwe, akaupapasa kitako, akaomba nyundo na msumari, akautia alama tatu yeye mwenyewe. Tukala kuku. (Mimi kwa mkono wa kushoto, nje.) Nilijaza majivu upya kuizunguka ile gorogoro, nikaweka jiko mlangoni, nikajificha. Akalibeba, akaenda bila neno. Nikajua hata "huyo" nimelipoteza.

Sasa hivi tu amepiga simu kwa mke wangu kutoka Turbo. Spika ilikuwa juu, nikasikia kupitia dirishani.

"Nimeliwasha hapa sokoni," alisema. "Wamama wote wanalitaka. Mwambie mwanangu awatengenezee."

Mwanangu. Mnasikia? Mimi! Nilisimama na vidole vyangu vilivyoungua nikataka kucheza. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Na mwambie kila mtu atakuja na mkebe wake mkononi. Asiguse wa mtu mpaka apewe."

Nimekubali masharti. Nawaomba msicheke, mimi sasa ni mtoto wa mtu. Mkitaka kunitembelea karibuni sana, mafuta yaliyo mle ndani ni ya chapati mwezi mzima. Ila gorogoro zenu ziacheni nyumbani.