Mongi na Swali la Uzamili

Jumatatu, 5 Mei
Miaka kumi na moja naongoza ghala la kiwanda cha mafuta ya zeituni hapa Sfax. Yatosha. Nataka kuwa mshauri wa biashara: unafika na viatu safi, unauliza maswali, unaondoka. Ila je, lazima niwe na shahada ya uzamili? Shemeji yangu Naoufel anasema bila uzamili barua yangu ya kuomba kazi haitafunguliwa. Mke wangu, Wided, anauliza nitawashauri watu kitu gani. Sijui nimsikilize nani.

Jumanne, 6 Mei
Bahati. Bosi kaleta mshauri kutoka Tunis, binti anaitwa Rim. Nikakaa naye mchana tukila kuskusi, nikamuuliza kama uzamili ulimsaidia.
“Ulinifungulia mlango tu, kaka Mongi. Kazi yenyewe nimejifunza kwa kuuliza watu kama wewe. Hebu niambie, ghala lako linaendaje?”
Nikajua ananipima. Nikamweleza saa mbili nzima. Nikamwonyesha hata kwamba kazi yangu na ya msaidizi wangu Lamjed anaiweza mtu mmoja. Aliandika kurasa sita.

Alhamisi, 8 Mei
Lamjed naye kahojiwa. Alimjibu Rim kwamba kila kitu kiko sawa, akarudi kupanga chupa. Namhurumia. Huyo hawezi kuwa mshauri hata siku moja.

Jumatatu, 12 Mei
Ripoti imesomwa mbele yetu. Ukurasa wa nne ni maneno yangu mwenyewe, yamepigwa pasi. Ghala linahitaji mtu mmoja. Huyo mmoja ni Lamjed, kwa sababu anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo na mshahara wake ni mdogo. Mimi nahamishiwa getini, kuandika namba za malori.
Nikamfuata Rim. Akasema uchambuzi wangu ndio bora kuliko yote aliyoyasikia. Nikamuuliza: basi nisome uzamili au nisisome? Akasema inategemea. Inategemea nini, hakusema, teksi yake ilikuwa imefika.

Jumanne, 13 Mei
Wided kaniambia, “Umeshakuwa mshauri, baba watoto. Bila uzamili, na bila kulipwa.” Sikuelewa kama ananisifu.
Nimewaza kutwa nzima nikiwa getini. Kama bila uzamili nimeweza kufuta cheo kizima, nikiwa nao itakuwaje? Nimejaza fomu ya chuo.
Rim anarudi Alhamisi kukagua mabadiliko. Nimeshamwandalia kurasa tisa, zinazoonyesha jinsi geti hili linavyoweza kuendeshwa bila mtu.