Anwani ya kwa Shangazi Ardith

Jumanne, 7 Oktoba
Barua kutoka idara ya kodi ya Oregon. Wanasema nilidai kwamba tangu Januari mwaka jana nahesabiwa mkazi wa Camas, ng'ambo ya mto, jimbo la Washington, ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo. Wanataka ushahidi. Ushahidi gani? Mimi naandika maelekezo ya mashine za nyumbani, kazi ya kompyuta tu, naweza kuifanyia popote. Naifanyia hapa hapa Portland, kitandani, ila hilo haliwahusu.

Nikamwonyesha Thora, mchoraji wa ghorofa ya chini. Yeye majira ya baridi huhamia Arizona, na kila jimbo hulilipa kodi kwa siku alizokaa huko. Akaniuliza, "Wendell, hiyo anwani ni ya nani?" Nikamwambia ni ya shangazi yangu. Akanitazama tu. Simpendi akinitazama vile.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mpango safi! Nimevuka daraja na ndara zangu, mswaki, na picha ya mbwa wangu. Nivipange kwa shangazi, nipige picha, niitumie idara. Dakika kumi.

Shangazi Ardith akafungua mlango, akanikumbatia hata nikakosa pumzi. "Umefika, mwanangu. Nilishaanza kudhani umeghairi."

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana, nilipoomba kutumia anwani yake, nilimwambia nitahamia kwake. Maneno ya kumfurahisha tu. Kumbe mwenzangu aliyaamini. Karakana ya marehemu mumewe, Lowell, sasa ni chumba cha kulala. Kitanda kipya, mfarishi ameushona mwenyewe. Mashine ya Lowell ya kuchongea mbao ameiuza ili nafasi itoshe. Ameiuza!

Nilikula sahani mbili za nyama ya kuoka na viazi. Kisha nikazipanga ndara kando ya kitanda, nikapiga picha. Najua, ni aibu. Nikamuaga, nikamwambia Jumamosi naja na mizigo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Sikwenda. Shangazi amepiga simu mara mbili, ameoka pai ya matunda ya mwituni. Nilimwambia darajani kuna foleni. Nilikuwa kitandani.

Jumanne, 14 Oktoba
Leo shangazi kapiga tena, sauti imejaa fahari. Bwana mmoja wa kodi alimpigia, mpole sana, akauliza kama naishi kwake. Naye akamjibu kweli tupu, maana hajui kusema uongo: bado sijafika, ananisubiri tangu Januari mwaka jana, lakini chumba kiko tayari, na tafadhali wasinifute kwenye orodha, kijana ana kazi nyingi.

Akaniuliza kama amenisaidia. Nikasema ndiyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimevuka kwenda kukiri. Nilisema yote, macho nimeyakaza kwenye zulia. Shangazi akasema, "Ungesema ulitaka anwani tu, Wendell, ningekupa. Mashine ya Lowell nisingeiuza."

Hakulia. Afadhali angelia. Akanifungia kipande cha pai nile njiani, nami nikakipokea. Mtu mzima, miaka arobaini na moja, nikakipokea.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimeiandikia idara ya kodi kwamba nitalipa kila kitu, pamoja na faini. Nimemwambia Thora nimejifunza, sitamtumia tena mtu anayenipenda. Machozi yalinitoka kweli.

Baada ya chakula nikamkumbuka Mjomba Virgil, kaka wa marehemu mama. Yuko Wyoming, nako hakuna kodi ya mapato. Ana miaka themanini na minne, anaishi peke yake, hatujaonana tangu mazishi ya mama. Nikampigia. Alifurahi hata akalitaja jina langu mara tatu. Nikamwambia nafikiria kuhamia kwake, hivyo barua zangu zianze kwenda huko. Ila safari hii nimekuwa muungwana. Nimemwambia waziwazi asijisumbue kunisubiri.

Akasema hapana, si usumbufu, yeye ana muda.