Mkurugenzi na Mapipa ya Zoyili

Sualisu Tahidu hakuwahi kupokea mshahara maishani mwake, na hakuwahi kulala njaa. Watu wa Tamale, mji wa kaskazini mwa Ghana, walimjua kwa shughuli nyingi. Aliwahi kuwa dalali wa viwanja ambavyo, mvua iliponyesha, vilionekana kuwa ni bwawa. Aliwahi kuuza dawa ya kuongeza mayai ya kanga, ambayo wenye kanga waliinywa wenyewe kwa kukata tamaa. Na kwa msimu mmoja mtukufu alikuwa wakala wa safari za hija, hadi mahujaji walipoanza kuuliza ndege iko wapi.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kibandani karibu na soko la Aboabo, mbele yake bakuli la uji wa mtama na maandazi ya kunde, akitafakari mustakabali wa taifa, yaani nani atamlipia ule uji. Benchi la nyuma walikaa wanawake wawili wa shamba wakinung'unika.

"Mapipa yamejaa hadi mlangoni," alisema mmoja. "Mafuta ya shea ya mwaka mzima. Na wanunuzi wa sokoni wanataka tuwape kama takataka."

"Tungepata mradi," alisema mwenzake. "Wenzetu wa barabara kuu wamepata mradi."

Sualisu aliacha kutafuna. Mapipa yamejaa hadi mlangoni! Na wenyewe wanalilia mradi! Alimwona Mungu akimwinamia yeye binafsi, Sualisu mwana wa Tahidu, na kumnong'oneza sikioni. Akageuka na tabasamu lake la kazi.

"Mama zangu, samahani. Ninyi ni wa kijiji gani?"

Kabla jua halijawa kali alikuwa kwenye mitumba, akijaribu kizibao cha rangi ya kaki chenye mifuko mingi kuliko akili ya aliyekishona. Akaazima gari jeupe la shemeji yake, kwa kiapo kwamba anampeleka mgonjwa. Ubavuni akabandika karatasi yenye mkono ulioshika mche na maneno: MRADI WA KUINUA WANAWAKE, MAZINGIRA NA KESHO. Hiyo "Kesho" aliiongeza mwenyewe, na ilimpendeza kiasi kwamba aliirudia njia nzima.

Kijijini Zoyili walimpokea vizuri. Wanawake wa kikundi walikusanyika kwenye kibanda cha kukamulia mafuta ya kokwa za mti wa shea, na mbele yao akakaa Magajia Fulera, kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa akitafuna kokwa chungu ya kola kana kwamba ana ugomvi nayo.

"Mama zangu," alianza Sualisu, "mimi ni Mkurugenzi. Tumekuja kuwajengea uwezo."

Wanawake wakapiga makofi. Walikuwa wameshajengewa uwezo na watu wengi.

"Mradi wetu una soko ng'ambo," aliendelea. "Ninyi mnatukabidhi mafuta, sisi tunayasafirisha, fedha inawarudia ikiwa imenona. Hakuna dalali, hakuna mnyonyaji. Ni ninyi, sisi na Kesho!"

"Maneno mazuri hayo, Mkurugenzi," alisema Magajia. "Mungu akubariki. Sasa, pampu utaitengeneza lini?"

"Pampu?"

"Ya kisima. Mkono wake ulivunjika wakati wa kiangazi. Kila mradi ukija hapa huanza na maji."

"Aa, Magajia, maji yako kwenye awamu ya pili."

"Sawa, mwanangu. Basi mafuta nayo yako kwenye awamu ya pili." Akatema ganda la kola pembeni. "Mafuta haya hayakamuliwi kwa mate. Ukitaka mapipa yaongezeke, tunahitaji maji."

Sualisu alichungulia ndani ya ghala. Mapipa yalikuwa yamepangwa ukutani mithili ya wazee barazani, manene, yamefunikwa kwa mabuyu yaliyopasuliwa, na harufu yake nzito ilimfikia puani kama harufu ya nyumba mpya, gari jipya na mke wa pili. Akameza mate. Pampu ni kitu gani? Ni chambo tu. Anayetaka samaki mkubwa hagombani na mnyoo.

Akauza televisheni yake, akaleta fundi kutoka mjini, na pampu ikatapika maji. Wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Sualisu akavimba ndani ya kizibao.

"Sasa mafuta," alisema.

"Sasa mashine," alisema Magajia.

"Mashine gani tena, mama yangu?"

Ilikuwa nyuma ya ghala, mashine ya kusagia iliyoachwa na mradi wa zamani. Mkanda haukuwepo, injini ilikuwa imekauka, na kanga mmoja alikuwa amejenga ukoo wake ndani ya tundu la kumwagia kokwa. Magajia alimwonyesha magunia ya kokwa za shea yaliyofika darini.

"Haya yote tutayatwanga kwa mikono mpaka lini? Mashine ikiwaka, mapipa unayoyaona yatazaa wenzake. Lakini kama mradi wako ni mdogo, sema tu, mwanangu. Hatutakucheka."

Mdogo! Neno hilo lilimchoma. Isitoshe alishaanza kuhesabu mapipa ambayo hayajazaliwa. Usiku huohuo, bila kulala, aliamua. Asubuhi akauza pikipiki yake, ile nyekundu aliyokuwa akiifuta kwa leso, akanunua mkanda, akanunua vipuri, akamrudisha fundi. Fundi alipowasha, mashine ilikohoa, ikafoka, kisha ikanguruma, na kijiji kizima kikaja kuitazama kama mgeni aliyerudi kutoka Makka.

Siku zilizofuata Sualisu alikuwa na kazi kuliko wakurugenzi wa kweli. Alikuja kuangalia mapipa, akaambiwa paa la kibanda linavuja, akaleta mabati. Alikuja kuharakisha mambo, akakuta mkutano, na mkutano bila chakula haufanyiki. Akanunua mchele na mbuzi. Alianza kulalamika kwa dhati kuhusu gharama za maendeleo.

"Hivi hawa wafadhili wengine wanapata faida wapi?" alimuuliza shemeji yake.

"Mgonjwa wako hajapona tu?" shemeji akamjibu. "Nataka gari langu."

Hatimaye Magajia alimpigia simu. "Mkurugenzi, mafuta yako tayari. Njoo Ijumaa na lori. Mapipa mengine yako kwa ndugu zetu vijiji vya jirani, lori lipite kuyakusanya."

Ijumaa alfajiri Sualisu alifika na lori alilokodi kwa senti zake za mwisho, lori kuukuu lililoandikwa juu ya kioo: NANI ANAJUA. Akamwambia dereva, "Leo msikilize Magajia kama unavyonisikiliza mimi." Kisha akataka kupanda aende naye.

"Wewe unakwenda wapi?" Magajia alishangaa. "Mtoe mali kijijini bila kumwamkia chifu? Unataka watu waseme mradi wako hauna adabu?"

Basi Sualisu akapelekwa kwa chifu. Akavua viatu, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima taratibu, akatoa zawadi ya kola. Chifu alikuwa mzee mchangamfu aliyepata msikilizaji asiyeweza kuondoka. Alimsimulia habari za babu yake. Alipommaliza babu, akaingia kwa baba wa babu, aliyekuwa mpanda farasi. Yule farasi naye alikuwa na historia. Miguu ya Sualisu ikafa ganzi, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia, na kila alipojaribu kuaga, mpiga ngoma wa chifu aligonga ngoma kumsifu Mkurugenzi, naye akalazimika kumtunza noti.

Alasiri lori likarudi, limejaa mapipa. Sualisu alitoka akichechemea, akafunua pipa la kwanza, akatumbukiza kidole. Laini, meupe yenye unjano, yananukia moshi na njugu. Akafunua lingine. Vilevile. Alitaka kulia kwa furaha, lakini mkurugenzi halii.

"Magajia," alisema akimshika mikono yote miwili, "fedha zenu mtaziona karibuni."

"Tunajua, mwanangu," alisema Magajia. "Nenda salama."

Njia nzima aliimba. Dereva alikuwa akitazama barabara kwa bidii isiyo ya kawaida.

Alhaji Natogma, mnunuzi mkubwa wa mafuta ya shea hapo Tamale, alitoka ghalani akiwa ameshika fimbo yake ya kupimia. Mzee huyu hakumwamini mtu wala pipa. Akafunua la kwanza, akazamisha fimbo. Iliingia vizuri, kisha ikagota, kisha ikaingia kwa kusukumwa. Alipoichomoa, ncha ilikuwa na mafuta, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa nyeusi tititi.

"Hii nini?" aliuliza Sualisu, ingawa roho yake ilishaanza kumwambia.

Alhaji akanusa. "Hii ni makapi ya shea. Tope linalobaki mafuta yakishakamuliwa. Mama yangu alikuwa akilipaka kwenye ukuta, mvua isiubomoe." Akazamisha fimbo kwenye la pili, la tatu, akatikisa kichwa kwa heshima kidogo. "Tope zuri, lakini. Una nyumba ya udongo?"

"Alhaji, haiwezekani! Haya ni mafuta ya Zoyili!"

"Mafuta ya Zoyili nimenunua leo asubuhi," alisema Alhaji. "Yako mle ndani. Aliyaleta mama mmoja mnene, mkali wa bei, kidogo anivue joho. Na aliyaleta na hilihili lori. Nimelikumbuka kwa maandishi yake."

Sualisu alimgeukia dereva. Dereva alikuwa akichunguza tairi.

"Si uliniambia nimsikilize Magajia?" alisema dereva. "Aliniambia twende mjini tukashushe, halafu tukapakie mengine. Mimi ningejuaje? Bosi ni wewe."

Ghadhabu ya tapeli aliyetapeliwa ni kitu kizito, kwa sababu haina pa kwenda. Polisi angesema nini? Kwamba aliwaibia watu wakamuibia kabla hajamaliza kuwaibia? Alikaa siku mbili nyumbani bila televisheni. Siku ya tatu akapanda pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, amekunjamana kati ya magunia ya viazi vikuu, kwenda Zoyili kudai haki yake, ingawa bado alikuwa hajaamua ataiita nini.

Alisikia ngoma kabla hajafika. Kijiji kilikuwa kimevaa nguo za sherehe ya kuzindua pampu na mashine. Mashine ilikuwa ikinguruma chini ya mabati mapya, watu wakichota maji pampuni, na mbele ya yote chifu ameketi juu ya ngozi yake, pembeni yake ofisa wa polisi wa wilaya, mgeni rasmi, akila ugali wa mahindi na mchuzi wa mlenda bila haraka.

"Mkurugenzi!" walipiga kelele. "Mkurugenzi amefika!"

Magajia Fulera alimlaki, akamshika mkono kama mwanawe, akamvuta pembeni ya ukuta.

"Tope langu liko wapi?" alimuuliza kwa upole. "Kama hulitaki, lirudishe. Tuna kuta za kupaka."

"Mama, umeniua! Pikipiki yangu! Televisheni yangu!"

"Ulitaka kutuua sisi, ukachelewa. Kwa mwaka mzima wanawake hawa wameamka na ndege, wakaingia porini kuokota kokwa, wakaumwa na nyoka, wakachemsha, wakakanda mpaka viganja vikachubuka. Ulidhani watakupa kwa sababu una mifuko mingi?"

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu saa ya kwanza. Hukutupiga picha hata moja. Mradi gani huo haupigi picha? Wenzako hata kabla ya salamu wanatupanga mstari na kutuambia tucheke." Akamfuta vumbi la viazi begani. "Lakini nitasema kweli. Waliokuja na barua na mihuri waliondoka, na pampu ikabaki vilevile. Wewe mwizi ndiye uliyeitengeneza. Sasa nenda kahutubie. Polisi yule pale, chifu yule pale. Ukitaka kuwaambia umedhulumiwa, waambie. Waeleze vizuri, tangu mwanzo."

Sualisu akamtazama ofisa wa polisi. Ofisa akampungia mkono wenye ugali.

Akasimama mbele ya watu. Alifungua kinywa, na kinywa, kwa mazoea ya miaka, kikafanya kazi yake chenyewe. Alizungumzia maji. Alizungumzia mama zetu. Alizungumzia Kesho kwa namna iliyomliza bibi mmoja, na katikati ya hotuba, kwa kitambo kifupi cha aibu, aligundua kwamba kila alichokuwa akikisema kilikuwa kweli. Hali hiyo haikuwahi kumpata. Akapoteza mtiririko, akakohoa, akaketi.

Chifu akasimama na kumvisha joho jipya la mistari. Akamtangaza kuwa chifu wa maendeleo wa Zoyili, cheo cha maisha. Sherehe za kijiji, michango ya kijiji, bati likitoboka au mkanda ukikatika, wa kwanza kuitwa atakuwa yeye. Ofisa wa polisi alipiga makofi akasema amefurahi kumfahamu, na sura yake hataisahau.

Walimsindikiza hadi barabarani, wakampa na kanga mmoja, miguu imefungwa kwa kamba. Hapo akasimama kungoja usafiri, joho linamwasha, kanga anampigia kelele kwapani, na katika mifuko yote ya kizibao chake hakuna hata nauli.

Mwanamume mmoja aliyepanda baiskeli akafunga breki mbele yake.

"Samahani, mheshimiwa. Wewe ndiye Mkurugenzi aliyetengeneza Zoyili?"

"Ndimi," alisema Sualisu kwa uchovu.

"Mungu mkubwa! Sisi ni wa kijiji cha mbele. Pampu yetu imekufa, lakini mafuta tunayo, mapipa hatuna hata pa kuyaweka. Wanawake wanasema wangepata mtu mwaminifu wa kuwakabidhi…"

Kanga akanyamaza. Uso wa Sualisu ukaanza kupata rangi. Mabega yakanyooka. Mkono ukapanda wenyewe, ukaweka joho sawa, na lile tabasamu la kazi likarudi mahali pake.

"Mapipa mangapi, kaka yangu? Hapana, usiniambie, tutakuja kuyakagua. Na kiongozi wa wanawake wenu ni nani?"

"Mama Samata. Wewe humjui, ila dada yake unamjua. Ni mdogo wake Magajia Fulera, wamenyonya ziwa moja. Ndiye aliyenituma nikuwahi hapa barabarani."

Sualisu alimkabidhi yule mtu kanga.

"Mwambie Mama Samata," alisema, akianza kutembea kwa miguu kuelekea Tamale, "mradi umefungwa."